Pua ya risasi na kaliba: kipi kikuongoze unapochagua risasi za bastola

Bandika karatasi mbili za shabaha, mita kumi mbele yako. Ya kwanza ipige kwa rivolva ya .38 Special iliyojazwa risasi za wadikata (wadcutter), zile ambazo kichwa chake hakina pua kabisa, kimekatwa bapa kama kigogo. Ya pili ipige kwa bastola ya milimita 9 yenye kichwa cha kawaida cha pua ya mviringo. Halafu sogea uzitazame kwa karibu. Vipenyo vya vichwa hivyo karibu vinalingana: milimita 9.1 na milimita 9.0. Lakini karatasi ya kwanza ina tundu duara, safi, mfano wa lile la kifaa cha kutobolea karatasi ofisini. Ya pili ina mchaniko. Kingo zake zimejikunja kwa nyuma, nyuzi za karatasi zimerudi kujiziba, na tundu linaonekana dogo kuliko kichwa kilicholipita.

Tofauti hiyo haikuletwa na kaliba. Imeletwa na pua.

Nimeanza hapo kwa sababu karibu kila anayeingia kwenye mambo ya bastola huanza na namba: tisa au arobaini na tano? Ni swali zuri, ila limekaa mahali pasipo pake. Kwa maoni yangu mpangilio ni huu: kazi ichague umbo la kichwa, kisha mkono wako uchague kaliba. Ukigeuza mpangilio utaishia na bastola nzuri inayolishwa chakula kisicho chake.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu maneno. Kiswahili kimetuachia neno moja, risasi, kwa vitu vitatu: ile risasi nzima unayoiingiza kwenye bastola, kile kipande kinachoruka, na madini yenyewe yanayotumika kukitengenezea. Hapa nitaita risasi kile kitu kizima: ganda, fataki (kiwashio cha baruti), baruti yenyewe na kichwa. Kichwa ni kile kinachotoka mtutuni. Pua ni sehemu yake ya mbele. Na madini nitayaita madini ya risasi.

Majina yanayopotosha

Kaliba ni kipenyo, basi. Ingekuwa rahisi kama majina yangefuata kipenyo. .38 Special ilitoka mwaka 1898, lakini kichwa chake si inchi 0.38, ni takriban inchi 0.357. Jina ni urithi wa rivolva za zamani, wakati kichwa kilikuwa na upana sawa na ganda. .357 Magnum ya mwaka 1935 inatumia kichwa cha kipenyo hichohicho, na safari hii jina linasema kweli. .44 Magnum ya mwaka 1955 ni inchi 0.429. .380 aliyoibuni John Browning, msanifu wa silaha wa Marekani, ina kipenyo sawa na 9 mm Parabellum. Zinatofautiana urefu wa ganda, milimita 17 dhidi ya 19, na nguvu iliyomo ndani. Ile 9 mm ya Makarov ina ganda la milimita 18 na kichwa kinene kidogo, karibu milimita 9.27, kwa hiyo haibadilishani na yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa mnunuzi, hii maana yake ni moja: usinunue kwa namba ya tisa peke yake. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wa bastola yako, kisha yalinganishe na maandishi ya sanduku, herufi kwa herufi. Alama ya +P kwenye sanduku inasema risasi imejazwa shinikizo la juu kuliko kawaida. Kwa 9 mm kikomo cha kawaida cha viwanda vya Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na +P inafika 38,500. Bastola ya zamani haikusukwa kwa ajili ya hiyo nyongeza.

Pua: mviringo, bapa, wadikata, tundu

Pua ya mviringo ndiyo mama wa bastola za nusu otomatiki. Risasi ikisukumwa kutoka kwenye magazini hupanda kijinjia kidogo chenye mteremko kabla ya kuingia kwenye chemba, pale inapokaa ikisubiri kupigwa. Pua ya mviringo huteleza juu ya mteremko huo bila ubishi, hata bastola ikiwa chafu, hata magazini ikiwa imechoka. Kwa mazoezi ya kila wiki hakuna pua inayonisumbua kidogo kuliko hii. Kasoro yake ni mbili. Kwenye karatasi huchana badala ya kukata. Na ikiwa imevikwa koti zima la shaba, haibadiliki umbo kwa urahisi, kwa hiyo hupenya mbali. Kinachosimama nyuma ya shabaha ni jukumu la mpigaji.

Pua bapa, iliyopunguzwa kama koni iliyokatwa ncha, ni mapatano mazuri. Mteremko wa magazini bado inaupanda bila taabu kwenye bastola nyingi za kisasa, na ule ubapa wa mbele huacha tundu linalosomeka zaidi. Kama unapiga 9 mm kwenye karatasi na huna subira ya kubishana na msimamizi kama tundu limegusa mstari au la, jaribu kichwa cha greni 147 (greni ni kipimo cha uzito, kama 15 hufanya gramu moja) chenye pua bapa kabla hujafikiria kubadilisha bastola.

Wadikata ni mnyama mwingine kabisa. Jina hilo la kigeni limeingia Kiswahilini kwa bahati njema, kwa kuwa kazi yake hasa ni kukata. Kichwa chote kimezama ndani ya ganda, mdomo wa ganda na uso wa kichwa ni usawa mmoja. Kwenye .38 kwa kawaida kina greni 148 na hujazwa baruti kidogo, hivyo hutoka polepole, teke lake, yaani msukumo unaorudi mkononi, ni la kubembeleza, na tundu lake ni lile la ofisini. Katika mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, ya bastola ya kaliba kubwa, yanayoruhusu kuanzia milimita 7.62 hadi 9.65, wengi hutumia .32 S&W Long yenye wadikata kwa sababu hizohizo. Kanuni ni kwamba tundu likigusa mstari wa alama ya juu unapewa alama ya juu, sasa kwa nini uwe na tundu lenye kingo za kutilia shaka?

Ila wadikata haina matumizi nje ya hapo. Umbo la kigogo halipendwi na hewa. Baada ya mita 50 hivi haitegemeki tena. Bastola ya nusu otomatiki ya kawaida haitaimeza, isipokuwa chache zilizotengenezwa makusudi. Ni risasi ya rivolva na ya mtu anayehesabu alama.

Katikati kuna nusu wadikata: koni iliyokatwa ncha mbele, halafu bega kali linalozunguka kichwa. Bega hilo ndilo linalokata karatasi, na koni inasaidia kuruka mbali zaidi. Kwenye rivolva sina la kuilaumu. Kwenye nusu otomatiki ndipo nilipopata somo. Nilipewa bastola ya .45 ya mtindo wa zamani nikaijaza nusu wadikata kwa sababu tu nilikuwa nimeziona kwenye mkono wa mpigaji hodari. Ya tatu ikakwama: slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, imefunguka nusu, risasi imeinamia juu, bega lake limeng'ang'ania ukingo wa chemba na kuacha mkwaruzo mweupe kwenye chuma.

“Mzee, bastola hii mbovu,” nikamwambia aliyekuwa akinifundisha.

Akaitoa magazini, akaivuta slaidi, risasi ikamdondokea kiganjani. Akaipitisha kidole kwenye lile bega. “Haina neno, mwanangu. Imezoea uji, wewe umeipa mifupa.”

Alikuwa sahihi. Bastola za muundo wa M1911, ndio huo mtindo wa zamani wa .45, zilizaliwa kwa ajili ya kichwa cha greni 230 chenye pua ya mviringo. Nyingi za kisasa zimerekebishwa mteremko wake, za zamani bado huchagua chakula.

Pua yenye tundu ndiyo inayozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Shimo lililo mbele limekusudiwa kujaa kitu laini na chenye majimaji, shinikizo lipanue kuta zake kwa nje na kichwa kifunguke kama uyoga. Faida inayotafutwa ni mbili: kuachia nguvu mapema, na kutopita upande wa pili. Lakini kufunguka huko kunahitaji kasi. Kichwa kilichosanifiwa kwa mtutu wa sentimita 10 au 12 kikitoka kwenye mtutu wa sentimita 5 kinaweza kufika polepole mno kikabaki na umbo lake. Nguo nzito pia zinaweza kuziba lile shimo, na hapo umelipia pua ya tundu ukapata pua ya mviringo. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, hupima vichwa vyao kwa jelatini ya asilimia 10 inayoiga nyama ya mwili, ikiwa tupu na ikiwa imefunikwa kwa nguo na vizuizi vingine, na hutaka kichwa kiingie kati ya inchi 12 na 18, yaani takriban sentimita 30 hadi 46. Kikiwa pungufu hakifai, kikizidi kinapita. Ukiona sanduku lina matokeo ya vipimo vya namna hiyo kwa urefu wa mtutu kama wako, hayo yana maana kuliko picha ya uyoga mzuri iliyowekwa kwenye tangazo.

Kisheria pua hii ina historia yake. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazopanuka vitani kati ya mataifa yaliyoliridhia, na ndiyo sababu majeshi kwa kawaida hubeba za koti zima. Polisi wengi hubeba za tundu. Kwa raia, sheria hutofautiana nchi kwa nchi: kwingine zinaruhusiwa, kwingine ni kosa hata kuwa nazo. Ulizia kwanza.

Kuhusu koti na madini nitapita haraka. Kichwa kisicho na koti ni cha bei nafuu na ni laini kwa mtutu, lakini huacha uchafu wa madini ya risasi ndani yake; watengenezaji wa bastola zenye mitutu ya pembe za mviringo badala ya michirizi mikali, Glock kwa mfano, hawashauri vichwa hivyo. Mvuke na vumbi la madini hayo ni sumu, kwa hiyo ndani ya ukumbi uliofungwa chagua vichwa vilivyofunikwa hadi kitako, na unawe mikono kabla ya kugusa chakula. Na kama unapiga vyuma kwa karibu, vichwa vya unga ulioshindiliwa, vinavyovunjika vumbi vikigonga, vitakupunguzia vipande vinavyorudi usoni. Miwani inabaki palepale.

Kaliba kando kwa kando

Hapa nimeweka takwimu za kawaida kwa risasi za kiwandani zikitoka kwenye mtutu wa urefu wa wastani. Zimekadiriwa, kwa sababu kila sanduku na kila mtutu una lake. Msukumo ni uzito wa kichwa kwa kilo ukizidishwa na kasi. Huo ndio unaokaribiana zaidi na kile mkono unachohisi.

| Risasi | Kipenyo (mm) | Kichwa (gramu) | Kasi (m/s) | Nishati (jouli) | Msukumo |
|---|---|---|---|---|---|
| .22 LR | 5.7 | 2.6 | 300 | 117 | 0.8 |
| .380 | 9.0 | 6.2 | 290 | 260 | 1.8 |
| .38 Special | 9.1 | 10.2 | 235 | 280 | 2.4 |
| 9 mm Parabellum | 9.0 | 8.0 | 345 | 475 | 2.8 |
| .40 S&W | 10.2 | 11.7 | 300 | 525 | 3.5 |
| .45 ACP | 11.5 | 14.9 | 255 | 485 | 3.8 |
| .357 Magnum | 9.1 | 10.2 | 375 | 715 | 3.8 |
| .44 Magnum | 10.9 | 15.6 | 400 | 1,250 | 6.2 |

Tazama mstari wa 9 mm na wa .45. Huo ni ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja, na ukisoma safu ya nishati unashangaa wanagombania nini: 475 kwa 485. Ni sawasawa. Tofauti iko safu ya mwisho. Kwa nishati ileile .45 inakusukuma kwa zaidi ya theluthi moja kuliko 9 mm. Mmoja anarusha jiwe dogo kwa nguvu, mwingine anarusha jiwe kubwa taratibu.

Je, .45 inakupa nini kwa huo msukumo? Tundu lenye eneo kubwa kwa takriban asilimia 60, kama pua ni ya aina moja. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 1.2 zaidi kila upande kuelekea mstari wa alama, si nyingi, ila kuna mashindano yaliyoamuliwa na chini ya hapo. Inakupa pia mwendo wa chini ya kasi ya sauti, ambayo ni karibu mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, kwa hiyo haina ule mlio mkali wa hewa kupasuka. Na shinikizo lake ni dogo, kikomo cha pauni 21,000 dhidi ya 35,000 za 9 mm. Wengi husema teke lake ni la kusukuma wakati la 9 mm ni la kuchapa. Mimi nakubali nusu. Linasukuma, kweli, lakini baada ya risasi mia mkono unajua umesukumwa.

9 mm inakupa idadi na uvumilivu. Magazini ya ukubwa uleule inabeba zaidi kwa sababu ganda ni jembamba. Bastola inarudi kwenye shabaha mapema. Huchoki, na usipochoka unafanya mazoezi, na aliyefanya mazoezi anampita mwenye tundu pana. Jeshi la Marekani lenyewe lilikaa na .45 kuanzia 1911 hadi lilipohamia 9 mm mwaka 1985. Ukiniuliza bila kuniambia kingine chochote, nitakwambia 9 mm, na sitaona haya.

.40 ni mtoto wa tukio moja. Tarehe 11 Aprili 1986 maafisa wa FBI walipambana kwa risasi huko Miami, na wawili waliuawa. Katika uchunguzi uliofuata lawama kubwa ilikiangukia kichwa chepesi cha 9 mm ambacho hakikupenya kina cha kutosha. Wakajaribu 10 mm, wakaiona kali mno kwa maafisa wengi, ikapunguzwa makali, na mwaka 1990 ikazaliwa .40. Polisi wengi wa Marekani wakaifuata. Kisha vichwa vyenye tundu vya 9 mm vikaboreshwa, na katika miaka ya 2010 FBI hao hao wakarudi kwenye 9 mm. Kilichorekebisha tatizo mwishoni kilikuwa muundo wa kichwa. Kaliba iliyobuniwa kulirekebisha ikabaki na teke lake.

Hata hivyo .40 haijafa, na sababu ni hesabu ya IPSC, shirikisho la mashindano ya bastola ya kupiga kwa mwendo. Huko wanazidisha uzito wa kichwa kwa greni na kasi kwa futi kwa sekunde, wanagawanya kwa 1,000. Ukifika 125 uko daraja la chini. Katika kitengo cha Standard ukifika 170, kwa kaliba ya milimita 10 au zaidi, uko la juu. Kichwa cha greni 124 cha 9 mm kwa futi 1,130 kinatoa 140. Shabaha yao ina eneo A katikati, kisha C na D kuelekea nje. Daraja la juu likipiga eneo C linapata alama 4 badala ya 3, na eneo D alama 2 badala ya 1. Kwa mpigaji anayekimbia na kukosea kidogo, hizo alama zinalipa teke. Kwa asiyeshindana, sioni kwa nini aibebe.

.38 na .357 ndizo ninazopenda kulinganisha, kwa kuwa zinaingia kwenye bastola moja. Rivolva ya .357 inapiga .38 bila shida. Kinyume chake ni marufuku, na ganda la .357 liliongezwa kama milimita 3 ili lisiingie kwenye silinda ya .38, maana shinikizo ni pauni 35,000 dhidi ya 17,000. Kwa hiyo ukinunua rivolva ya .357 umenunua bastola mbili: ya wadikata za polepole za asubuhi na ya nguvu. Ukipiga .38 nyingi, sugua silinda vizuri, kwani masizi hujenga pete pale ganda fupi linapoishia, na .357 zitakuwa ngumu kuingia.

Sasa uzito wa bastola. Hapa ndipo jedwali linapodanganya. Chukua rivolva ndogo ya mfukoni yenye gramu 425, ipige .38 ya kawaida. Kwa mtutu mfupi msukumo unashuka hadi 2.2 hivi, na nishati ya teke inakuwa karibu jouli 5.7 bila kuhesabu gesi ya baruti. Chukua M1911 ya .45 yenye kilo 1.1: inatoa jouli 6.6. Zimekaribiana! Ile ndogo uliyoambiwa ni laini ina teke la kulinganishwa na la mkongwe wa vita, tena kwenye mpini unaoshikwa kwa vidole viwili na nusu. Chukua ndogo kama hiyo iliyoundwa kwa .357, uijaze .357, unapita jouli 13, pamoja na ndimi za moto na mlipuko wa kuziba masikio. Mwiba wa kujichoma hauna pole.

.380 ina hila ya namna hiyohiyo. Kwenye jedwali ni nyepesi, lakini bastola zake nyingi ni ndogo, na kadhaa hazina ufungaji wa mtutu: slaidi inazuiwa na uzito wake na springi ngumu tu. Matokeo yake slaidi ni ngumu kuvuta kuliko ya 9 mm kubwa, na teke linachapa kwenye ule utando wa ngozi kati ya dole gumba na la shahada. Nimemwona mtu mwenye vidole dhaifu akiuziwa .380 kwa kuwa “ni ya wepesi”, akashindwa hata kuifungua. Kama mikono ndiyo hoja, ashike kwanza aivute slaidi mara kumi akiwa dukani.

.22 nitaitetea hadi mwisho. Teke halipo, gharama ndogo, makosa yako yote yanaonekana kwa sababu hayafunikwi na kishindo: unaona kabisa jinsi kidole kilivyovuta upande. Tangu 1887 ipo na bado ndiyo ya mashindano mengi ya ISSF ya mita 25. Kasoro zake ni kwamba fataki yake imepakwa kwenye ukingo wa ganda, na mara moja moja haiwaki. Ikitokea, elekeza mtutu salama usubiri, usikimbilie kufungua. Pia hizi nusu otomatiki ndogo huchagua: moja inakula risasi za kasi tu, nyingine inazitema. Kichwa chake cha madini matupu hudunda vibaya kwenye ardhi ngumu na juu ya maji.

.44 Magnum ni ya mwindaji na ya mwenye shauku. Kama ulikuwa unaiwaza kama bastola ya kwanza, rudi kwenye safu ya mwisho ya jedwali.

Kaliba moja, uzito tofauti

Umeshachagua 9 mm. Dukani kuna greni 115, 124 na 147. Ya 115 hutoka kwa mita 355 hivi kwa sekunde, inavuka kasi ya sauti, inapasua hewa. Ya 147 inatembea kwa takriban 300, kimya zaidi, na wengi huihisi laini ingawa msukumo wake ni mkubwa kidogo, kwa sababu slaidi inarudi kwa utulivu. Ya 124 iko katikati na ndiyo bastola nyingi zinaipenda.

Jambo linalowashangaza wageni: kwa karibu, kichwa kizito hugonga juu zaidi ya chepesi. Kinakaa mtutuni muda mrefu kidogo, na wakati huo mtutu unakuwa umeshaanza kuinuka. Kwenye rivolva yenye kilengeo kisichorekebishika, .38 ya greni 158 inaweza kugonga katikati na ya greni 125 ikagonga chini. Kabla hujaisugua kilengeo kwa tupa, badilisha sanduku.

Basi uchukue ipi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hawakuwahi kulipia masanduku ishirini yasiyofaa. Kwa anayejifunza: .22 kwanza, kisha 9 mm ya pua ya mviringo, koti zima, greni 115 au 124. Kwa mpiga alama wa rivolva: .38 wadikata, na silaha iwe ya .357 kwa sababu ya uzito wake. Kwa karatasi na nusu otomatiki: 9 mm ya greni 147 pua bapa, au .45 ikiwa una mikono na bajeti. Kwa vyuma: vichwa vinavyovunjika ukiwa karibu. Kwa ulinzi, pale sheria inaporuhusu: 9 mm yenye tundu iliyopimwa kwa urefu wa mtutu wako, au .38 kwa rivolva, na usiruke hatua ya mazoezi kwa risasi hizohizo kwa sababu eti ni ghali.

Kisha nunua masanduku mawili tu ya chapa tofauti. Keti, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, mita 25, piga tano kwa karatasi moja na tano kwa nyingine. Pima kwa rula kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Halafu simama, jaza magazini zako zote moja baada ya nyingine, na upige mfululizo bila kusafisha. Iliyokwama iandike kwa penseli kwenye sanduku lake, na namba ya magazini. Mara nyingi utakuta ni magazini ileile kila mara.